Kucheza na watoto baada ya maafa: jibu kwa anayekwenda kujitolea kwa mara ya kwanza

Umeuliza mambo matatu kabla kundi lenu halijaondoka kwenda kambini: mchukue vitu gani vya kuchezea, mfanye nini mtoto anapoanza kuigiza mafuriko yaliyoibomoa nyumba yao, na kama inafaa kumhimiza asimulie yaliyomkuta. Nimejitolea katika makambi ya watu waliohamishwa na mafuriko na pia katika kambi ya walionusurika tetemeko la ardhi, na kazi yangu kote huko ilikuwa kuendesha uwanja wa michezo ya watoto. Nitaanza na vitu vya kuchezea, kwa sababu ndivyo vinavyowashughulisha wengi wakati wa maandalizi ingawa ndivyo vyenye uzito mdogo kuliko yote uliyouliza.

Chukueni vichache: mipira, kamba ndefu ya kuruka, karatasi na kalamu za rangi, vipande vya mbao vya kujengea, wanasesere wachache wa vitambaa, na beseni mbili za kuchezea maji na mchanga. Kitu kimoja cha kuvutia katikati ya watoto wengi waliopoteza kila kitu huzua ugomvi mara moja, na zawadi za mtoto mmoja mmoja huwazoesha kutazama mifuko yenu badala ya nyuso zenu. Filimbi na honi ziacheni kabisa, kwa kuwa sauti kali ya ghafla inaweza kumrudisha mtoto katika usiku ule alioamshwa kwa mayowe. Wimbo na makofi vinatosha kuwakusanya.

Kinachofanya kazi kubwa zaidi ni ratiba. Maafa yamemwonyesha mtoto kwamba vitu alivyodhani ni vya kudumu, yaani nyumba, shule na njia ya kwenda kwa rafiki yake, vinaweza kutoweka kwa usiku mmoja, na tangu hapo hana hakika na chochote. Mnapofungua uwanja saa ileile, mahali palepale, mkiwa watu walewale, mkaanza kwa wimbo uleule wa kukaribishana na kumaliza kwa wimbo uleule wa kuagana, mnamrudishia uwezo wa kujua kitakachofuata, na huo ndio msingi wa mengine yote. Ninamkumbuka mtoto mmoja aliyekuwa akikaa nje ya duara, asiseme wala asicheke, mpaka msichana mmoja mkubwa alipompa ncha ya kamba aishike ili wenzake waruke. Aliishika hadi mwisho wa mchezo. Kesho yake alifika mapema na kuitafuta ncha ileile, na siku zilizofuata alifanya hivyohivyo, nasi tukakubaliana kwamba nafasi hiyo ni yake na hakuna atakayemhimiza kuruka. Siku alipomkabidhi mwenzake ile ncha na kuingia katikati, hatukumshangilia kwa kelele, kwa sababu tulitaka aendelee kuamini kwamba hatua ile ilikuwa yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi hii. Watoto wataigiza maafa, na mtu asiyejiandaa hushtuka sana. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 nchini Japani, watoto wadogo walionekana wakicheza mchezo wa tetemeko na mchezo wa tsunami, na watu wazima wengi walifadhaika wasijue kama wawakataze. Mimi nimeshuhudia jambo lilelile kando ya beseni. Kikundi cha watoto kilijenga nyumba za mchanga, kikaweka vizibo vya chupa viwe watu, kisha mmoja wao akamimina maji mpaka kila kitu kikazama, na wote wakapiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa akipita aliniomba kwa uchungu niwazuie. Nilimsogelea, nikamweleza kwamba kwenye mafuriko yenyewe watoto hawa hawakuwa na uwezo wowote, lakini hapa mtoto ndiye anayeamua maji yaje lini, yafike wapi na yaishie wapi, na kwamba kwa kurudia kisa hicho kwa kiwango anachokimudu, anakigeuza kuwa kitu kinachoweza kuanza na kikaisha. Tulisimama pamoja tukitazama. Siku kadhaa baadaye vizibo viwili vilipandishwa juu ya paa, na baada ya hapo ikatokea mashua iliyotengenezwa kwa kandambili, ikawachukua watu mmoja baada ya mwingine hadi ukingoni.

Mabadiliko hayo ndiyo mnayopaswa kuyafuatilia. Mchezo unaosogea, ukapata wahusika wapya, msaada au mwisho tofauti, uacheni uendelee, na kazi yenu iwe kukaa karibu, kulinda usalama na kuitikia mnapoalikwa. Wasiwasi uanze pale mtoto anaporudia tukio lilelile kwa namna ileile bila kubadilika, uso umemkaza, asipate nafuu yoyote baada ya kumaliza, au anapowaumiza wenzake na hawezi kuvutwa kwenye mchezo mwingine. Hapo ingieni taratibu, na muingie kupitia mchezo wenyewe: ulizeni ni nani anayeweza kuwasaidia watu hawa, au mlete mwanasesere anayetafuta mahali pakavu pa kulala. Asipoitikia, mrudisheni kwenye mwili wake kwa kupumua pamoja polepole, kukanyaga ardhi kwa nguvu au kurushiana mpira, kisha mumjulishe mratibu ili mtoto aonwe na mtaalamu.

Kuhusu kumhimiza asimulie, jibu langu ni hapana. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake unajengwa juu ya mambo matatu, yaani kutazama, kusikiliza na kuunganisha watu na msaada, na unakataza kumshinikiza mtu aeleze yaliyompata. Mbinu ya kuwakalisha watu mara moja wasimulie tukio lote kwa undani ilitumika sana miaka ya nyuma, na sasa haipendekezwi. Mtoto akianza kusimulia mwenyewe huku anachora, msikilizeni bila haraka, mjibu kwa ukweli na kwa maneno machache, na msimuulize maswali ya udadisi. Msimwambie asilie. Msimwahidi kwamba mvua haitanyesha tena, wala msimwambie kuwa aliyefariki amesafiri au amelala, kwa kuwa mtoto wa chini ya miaka mitano hivi mara nyingi bado hudhani kwamba aliyekufa atarudi, na maneno hayo humfanya aendelee kungoja au aogope kulala.

Mtaona pia watoto waliorudi nyuma kitabia: wa miaka minane anakojoa kitandani, mwingine ananyonya kidole au hataki kuiachia nguo ya mama yake. Waelezeni wazazi kwamba hali hiyo ni ya kawaida baada ya mshtuko, kwamba kwa watoto walio wengi hupungua mahitaji ya msingi yakipatikana na walezi wakitulia, na kwamba kumwadhibu huirefusha. Kwa hakika mazungumzo haya na wazazi, yanayofanyika pembeni ya uwanja wakati watoto wanacheza, yana thamani sawa na mchezo wenyewe. Mwongozo wa mwaka 2007 wa kamati inayoyakutanisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada unaupanga msaada wa kisaikolojia na kijamii kwa ngazi nne: chini kabisa huduma za msingi na usalama, juu yake familia na jamii, kisha msaada mahususi wa watu waliopata mafunzo, na kileleni wataalamu. Nafasi yenu iko katikati. Mtoto mwenye njaa au asiyejua mama yake yuko wapi hahitaji kwanza mpira, na uwanja wa michezo mara nyingi ndipo anapogundulika mtoto aliyetenganishwa na familia yake, kwa hiyo jueni mapema taarifa hiyo inapelekwa kwa nani.

Ulinzi wa mtoto sitaurefusha, lakini hauna mjadala. Kila mmoja wenu asaini kanuni za maadili na achunguzwe kabla ya kukaribia watoto, asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali palipofichika, na msipige picha za watoto kwa ajili ya kurasa zenu binafsi. Wapo watu wabaya wanaoijua vizuri vurugu ya siku za mwanzo za maafa, na uwanja usio na daftari la mahudhurio unawafungulia mlango.

Msiwaruhusu wafadhili wala viongozi wawaambie kwamba mchezo ni anasa inayoweza kungoja. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inautambua mchezo kuwa haki, na haki hiyo haisimami kwa sababu mto umevunja kingo.

Umetaja kwamba wengi wenu mna wiki mbili tu. Kwa muda huo msijenge uwanja unaowategemea ninyi, kwa sababu mtoto aliyekwisha kupoteza watu atapoteza wengine mtakapoondoka. Watafuteni walimu, vijana na akina mama walioko kambini, wao ndio wafungue na kufunga uwanja tangu siku ya kwanza, nanyi mbebe maji, mtandike mikeka, mshike kamba na kuwapokea zamu wanapochoka, maana nao wamefikwa na maafa yaleyale. Tarehe ya kuondoka watajieni watoto mapema, muwakumbushe kila siku, na siku hiyo ikifika aganeni na kila mmoja kwa jina lake mbele ya walezi watakaobaki nao.