Monita inasema 82, mgonjwa anapiga stori: niamini nani?

SWALI: Habari zenu, mimi ni nesi, ndo kwanza nimeanza wodini. Monita yetu inanichanganya kweli, mgonjwa kakaa anaongea vizuri tu, mara oksijeni ya damu inashuka asilimia 82 na alamu inalia, nageuka kidogo nakuta 97. Wenzangu wanazima alamu wanaendelea na kazi. Mashine mbovu au mimi ndo sijui kuvalisha sensa, kile kibanio cha kidoleni?

JIBU: Pole na hongera kwa kazi. Kabla hujaangalia namba angalia wimbi lililo pembeni yake, ule mchoro wa mapigo. Ile sensa inapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni, halafu inahesabu ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka na mapigo, sasa mapigo yakiwa hafifu au mgonjwa akitikisa mkono mashine bado itakupa namba, ila ya kubahatisha. Wimbi likipanda haraka, likashuka taratibu na kila pigo likafanana na mwenzake, hapo sawa. Shika na mkono wa mgonjwa uhesabu mapigo mwenyewe, kama sensa inasema mapigo 54 na wewe unapata 96, basi hata hiyo oksijeni usiiandike.

Sasa hiyo 82 inayorudi 97 yenyewe, mi ningeanza na mkanda wa presha. Je uko mkono uleule wenye sensa? Mkanda ukijaa unabana mshipa, damu haifiki kidoleni, namba inaanguka, ukilegea inarudi. Hamishia sensa mkono wa pili uone. Kama sio hilo, gusa vidole, vya baridi vipashe joto, futa rangi ya kucha hasa nyeusi na bluu, hakikisha taa ya sensa na kipokezi cha mwanga vinatazamana, na usikazie kwa plasta maana unabana damu ileile unayotaka kuipima. Ya mtoto mdogo ni sensa yake, usimvalishe ya mtu mzima.

Kuhusu kuzima alamu, hapana jamani. Mtu anaweza kuongea vizuri na oksijeni iko chini kweli, tuliwaona wengi wakati wa korona. Wimbi likiwa zuri, mapigo yanalingana na namba bado iko chini, iamini, mwite daktari.

Ila mi inayonitisha zaidi ni namba nzuri ya uongo, kwa sababu haina alamu. Aliyevuta moshi wa moto anaweza kusoma 98 huku damu imejaa kaboni monoksaidi, sensa haiwezi kuitofautisha na oksijeni. Na kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huwa vinazidisha namba kidogo, utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta wagonjwa weusi wanafichwa upungufu wa oksijeni karibu mara tatu ya weupe. Kwa hiyo mgonjwa anahema kwa shida na monita inasema 93, usitulie, omba damu ya ateri ikapimwe.