Kliniki yasema 32, binti asema nijipende

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Langoni, Lamu, na nina watoto wanne. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kwa sababu ya goti. Nikapandishwa mizani: kilo 81. Urefu wangu sentimita 158. Mhudumu akapiga hesabu, akasema BMI yangu, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ni 32, nina ugonjwa wa unene, na goti litapona nikifunga mdomo. Presha ilisoma 142 kwa 90, na sukari kabla ya kula chochote 6.3. Nilirudi nyumbani nalia. Binti yangu aliye chuo Nairobi ananiambia nisiwasikize, BMI ilitungwa na Mzungu ambaye hakuwa hata daktari, na mtu aweza kuwa mnene na mzima wa afya, nijipende nilivyo. Wifi yangu naye asema nikikonda watu watadhani nina maradhi. Nimsikize nani?

JIBU: Waleikum salaam, dada yangu. Mimi ni mtu wa lishe, si daktari, lakini swali lako ndilo ninaloshinda nalo kila siku. Pole kwa hayo ya kufunga mdomo. Ulikwenda na goti, ukarudi na matusi, na goti lenyewe sidhani kama liliguswa.

Nianze na binti yako, kwa sababu kwenye historia hakukosea. Hesabu hiyo, kilo kugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilitoka kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa miaka ya 1830. Alikuwa mwanahisabati na mwanafalaki, akitafuta umbo la mtu wa wastani, si mgonjwa wa kutibu. Jina la BMI lilikuja 1972 kwa Ancel Keys wa Marekani, naye pia alikuwa anatafuta kipimo cha kulinganisha makundi ya watu. Wewe ni 81 kugawanya kwa 1.58 mara 1.58, yaani 32.4. Shirika la Afya Duniani linaita 25 kwenda juu uzito uliozidi, na 30 kwenda juu unene uliokithiri. Namba hiyo haijui kama kilo zako ni nyama au mafuta, wala mafuta yamekaa wapi. Mchukuzi wa mawe ya matumbawe mwenye mabega kama mlango aweza kupata 28 na asiwe na shida yoyote.

Mafuta yamekaa wapi, hapo ndipo penye habari. Ya mapajani na makalioni hayana fujo sana. Ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yanayoivuruga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kupandisha sukari na presha. Kwa hiyo chukua tepu ya fundi cherehani. Vua buibui, fungua leso, maana leso iliyokunjwa kiunoni yaweza kukuongezea sentimita kadhaa za bure. Tafuta kwa vidole ubavu wa chini kabisa, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, upitishe tepu katikati ya hapo. Pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani (sote huvuta), kisha soma. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni dalili ya kuangalia na 88 ni hatari iliyo wazi. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Njia nyingine rahisi: kiuno kisifike nusu ya urefu. Nusu yako ni 79.

Sasa presha. Swali langu la kwanza ni mkanda unaofungwa mkononi. Mkono ukiwa mnene na mkanda ukawa wa saizi ya kawaida, mashine husoma juu kuliko ilivyo, na nimeona watu wakipewa dawa kwa sababu ya mkanda mdogo. Tena huenda ulikuwa umetoka kutembea juani na goti linauma. Presha hupimwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuitwa mgonjwa. Hiyo 142 kwa 90 naiweka pembeni mpaka irudiwe.

Sukari siiweki pembeni. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 kabla ya kula ni sukari iliyoanza kupanda, ikifika 7.0 na ikathibitika kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Uko njiani, hujafika. Binti yako anaposema mtu aweza kuwa mnene na mzima, ni kweli kwa wengine, lakini hilo hujulikana kwa damu, halijulikani kwa moyo wa mapenzi. Damu yako imeshasema kitu.

Lakini hayo ya kujipenda siyatupi. Harakati za kuwatetea wanene zilishika Marekani mwaka 1969, kwa watu waliokuwa wakinyimwa kazi na heshima kwa ajili ya miili yao. Walikuwa na haki. Na anayedhalilishwa kliniki hufanya jambo moja tu: harudi. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilimpa mama mmoja ratiba ya chakula kwa sababu ya tumbo lake, miezi mitatu namsifu na kumkemea, kumbe ulikuwa uvimbe wa kizazi. Sikumshika hata tumbo. Niliona unene nikaacha kuangalia.

Ila maneno hayo yakivuka bahari hubadilika maana. Huku kwetu unene haukuhitaji wakili. Bibi harusi hulishwa anawiri, mke mnene ni sifa ya mume, na anayepungua huulizwa kama ana matatizo nyumbani. Wifi yako anasema hofu iliyobaki tangu miaka ile kukonda kulipokuwa na jina moja tu, ukimwi. Mjibu kwamba umeambiwa upunguze kwa ajili ya goti. Hakuna mtu wa Lamu asiyelijua goti.

Na lawama? Unene hurithiwa kwa sehemu kubwa. Mtu akipunguza uzito mwili wenyewe humpinga: homoni ya njaa hupanda, ya kushiba hushuka, na mwili huunguza kidogo kuliko zamani. Dawa nazo huchangia. Kama unatumia sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, au vidonge vya steroidi, mwambie mhudumu. Kwa hiyo sikubali kwamba umejitakia. Lakini hukutaka pia mvua inyeshe, na paa ni lako.

Tena kinachotakiwa si kikubwa kama ulivyotishwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulichukua watu wenye sukari kama yako. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa metformini, dawa ya kisukari, waliopunguza kwa 31. Asilimia 7 yako ni kilo tano na nusu hivi. Ukifika 75 bado BMI itakuita mnene, lakini damu yako huenda ikawa imebadilika. Goti nalo: kila kilo inayotoka hulipunguzia karibu kilo nne za mzigo kwa kila hatua.

Nianzie kwenye chai. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko 12, gramu 48 hivi. Kwa mwaka ni kilo 17 na nusu za sukari, kwenye chai tu. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautalia. Mahamri usiyaache, yawe mawili na mbaazi ziwe nyingi. Mtihani mkubwa ni sinia. Kwenye sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na mwenyeji hukusogezea mpaka mbele yako pawe mlima. Mezani kwako pakua kwenye sahani, samaki na mchicha kwanza, wali wa nazi baadaye. Kwa watu, kaa karibu na mwenye mkono mwepesi.

Kutembea: njia ya Shela, maji yakiwa yametoka, asubuhi kabla ya jua. Usiende mpaka mwisho. Dakika 15 kwenda, 15 kurudi, siku tano. Goti likivimba, pumzika na likaguliwe, na uombe mazoezi ya misuli ya paja.

Sindano za kupunguza uzito zinazosemwa sana, kama Ozempic, zinafanya kazi, lakini ni za kuandikiwa na daktari, si za kuagiziwa na shoga yako kutoka Dubai.

Rudia sukari baada ya miezi mitatu, na uombe kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Nenda na binti yako akiwa likizo, aulize maswali yake huko huko. Na kabla hujanyoosha mkono, omba mkanda mpana.