Hitishrinki Hupasuka Kabla ya Moto: Angalia Ukingo, Saizi na Ncha za Waya

Juzi msomaji mmoja wa Kisumu, fundi anayeunga nyaya za taa za betri wanazovulia omena, alinitumia picha za hitishrinki zilizopasuka (ile mipira ya bomba inayosinyaa kwa moto na kubana kiungo cha waya) na swali fupi: "Kaka, ni moto wangu mkali ama nimeuziwa feki?" Swali hilo huwasumbua pia mafundi wa pikipiki Nakuru na wale wa pampu za visima. Nimelijibu hapa kwa urefu kwa sababu mpira huu ukipasuka ndani ya mtumbwi au chini ya kiti cha bodaboda, maji huingia kwenye shaba, waya unaota kutu ya kijani, na mwenye kazi anarudi kwako akiwa amekasirika. Ana haki ya kukasirika.

Jibu langu ni kwamba mara nyingi si moto wala si feki. Mipasuko yote katika picha zile ilianzia ukingoni, pale mpira ulipokatwa.

Hitishrinki nyingi za madukani ni za poliolefini, aina ya plastiki. Kiwandani bomba hutengenezwa likiwa jembamba, hupigwa miale ya elektroni ili molekuli zake zishikamane, kisha hupashwa moto, hutanuliwa, na kupozwa likiwa bado limetanuka. Kwa hiyo unachonunua ni mpira uliovutwa ukagandishwa. Ukifika joto la digrii 70 hivi za Selsiasi unaanza kurudi, na kati ya digrii 90 na 125, kulingana na aina, umemaliza. Sasa hapo ndipo penye shida: ukiwa moto kiasi hicho huwa laini na dhaifu kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo unapojivuta kwa nguvu kubana waya. Fundi cherehani akitaka kuchana kitambaa hutia chale ndogo ukingoni kwa mkasi, kisha huvuta kwa vidole tu. Chale ya namna hiyo kwenye hitishrinki ndiyo moto unayoifungua.

Basi anza na mkato. Usikate kwa koleo la kukatia waya, hasa mpira wa kuanzia milimita 6 kwenda juu. Koleo hubonyeza kwanza ndipo likate, na katika ile mikunjo miwili ya pembeni huacha michubuko ambayo huioni kwa macho. Tumia mkasi mkali au wembe mpya juu ya ubao, kata mara moja bila kusaga, na kata wima. Mkato wa mshazari huacha ncha nyembamba inayopata moto kabla ya sehemu nyingine. Pitisha ukucha kuzunguka ukingo. Ukikwama popote, punguza milimita 2 au 3 na uangalie tena. Wembe uliokwisha tumika kuchuna waya usiutumie hapa.

Urefu nao una hesabu yake. Mpira husinyaa pia kwa urefu, na ni salama kukadiria asilimia 10. Kama sehemu iliyo wazi ni milimita 20, ongeza milimita 12 kila upande juu ya ganda la waya, upate 44, kisha ongeza hiyo asilimia 10. Kata 50. Anayekata mfupi hulazimika kuuvuta mpira ukiwa moto ili ufunike shaba, na hapo anaupasua mwenyewe.

Saizi ndiyo inayowaponza wengi. Alama 2:1 maana yake ni kwamba mpira wa milimita 6 ukiachwa huru husinyaa hadi 3. Kanuni ninayoisimamia ni hii: kabla ya moto, tundu la mpira liwe kubwa kuliko nundu kubwa ya kiungo kwa robo hivi; na kipenyo chake cha mwisho kiwe kidogo kuliko sehemu nyembamba unayotaka ibanwe. Kiungo cha waya wa milimita za mraba 2.5, chenye unene wa milimita 4 hivi pamoja na ganda, kinataka mpira wa 6, wala si wa 4 uliosukumwa kwa nguvu. Wapo wanaoingiza ncha za koleo jembamba ndani ya mpira na kuutanua ili upite. Mpira uliotanuliwa hivyo umepita kiwango ulichotanuliwa kiwandani. Ukiona umepauka au una michirizi myeupe, utupe.

Jambo lingine kuhusu saizi halisemwi sana. Mpira huwa mnene kadiri unavyosinyaa. Ukirudi hadi nusu ya kipenyo chake, unene wa ukuta hukaribia mara mbili. Ukichagua mpira unaotosha kwa shida, hausinyai, unabaki mwembamba kama ulivyotoka kwenye roli, na ile nguvu ya kujivuta inabaki humo ndani. Huo ndio unaoonekana mzima leo na kupasuka wiki ijayo wakati pikipiki inaruka matuta.

Pale unene unapobadilika ghafla, kwa mfano kutoka plagi ya milimita 12 hadi waya wa milimita 5, mpira wa 2:1 hautafika. Tafuta wa 4:1. Ukikosa, valisha kwanza kipande kifupi kwenye waya mwembamba, kisinyae, uongeze cha pili juu yake, ndipo upitishe mpira mkubwa juu ya ngazi hizo.

Sasa mpasuko wa katikati. Huu kwa kawaida huanza kama tundu dogo, na chini yake utakuta uzi mmoja wa shaba uliochomoza, mwiba wa risasi ya kulehemu, au makali yaliyobaki ubavuni mwa lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya) baada ya kubanwa. Laza nyuzi zote kuelekea upande wa waya, tuliza mwiba kwa kuugusa tena na ncha safi ya chuma cha kulehemu, na lagi uipitishie tupa laini. Futa mabaki ya dawa ya kulehemu kwa spiriti na uache pakauke.

Ukiwa unalehemu, usogeze mpira mbali, angalau sentimita 10 kutoka kwenye kiungo. Shaba hupitisha joto haraka sana. Mpira ulio karibu huanza kusinyaa kabla ya zamu yake, ukija kuuvuta unakataa kupita, na mtu anausukuma kwa nguvu juu ya risasi. Baada ya hapo utalaumu duka bure.

Kuhusu moto wenyewe, blowa ya hewa moto ndiyo kifaa. Iweke kati ya digrii 250 na 300, mdomo wake ukiwa sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye mpira, na isisimame mahali pamoja. Zungusha waya, au zungusha blowa. Anza katikati uende mwisho mmoja, rudi katikati uende mwisho wa pili, ili hewa itoke. Ukianza na ncha zote mbili, umeufunga mpira pande zote huku katikati bado ikitaka kusinyaa kwa urefu. Matokeo ni pete nyembamba, na wakati mwingine mpasuko wa kukata mduara. Acha mara mpira unapolala laini bila mikunjo. Ukianza kung'aa kupita kiasi, kutoa moshi au kuota malengelenge, umeshauchoma, na haurudi kuwa mzima.

Wengi ufukweni hawana umeme wa blowa, wanatumia kiberiti cha gesi. Inawezekana, lakini ulimi wa moto usiguse mpira kamwe. Kaa sentimita 3 au 4 juu ya ncha yake, kwenye hewa ya moto tu, na uzungushe waya bila kukoma. Masizi meusi ni dalili kwamba umekaribia mno. Kule Kisumu upepo wa ziwa mchana hupoza upande mmoja wa mpira. Fundi huona upande huo haujasinyaa, anakaza moto, na ule wa pili unaungua. Kinga upepo kwa bati, au fanya kazi hiyo asubuhi.

Nakuru shida ni baridi ya asubuhi, hasa kwa lagi kubwa za betri na inveta. Shaba nene iliyopoa inanyonya joto lote. Ngozi ya juu ya mpira inaiva huku ya ndani ikiwa bado ngumu. Pasha lagi kwanza mpaka usiweze kuishika kwa vidole, ndipo uvalishe mpira. Wapo pia wanaochovya viungo kwenye maji yanayochemka. Katika mwinuko wa Nakuru maji huchemka karibu digrii 94, Kisumu karibu 96, kwa hiyo mpira unaohitaji digrii 120 utabaki nusu njia.

Baada ya moto, uache. Usikunje waya, usifunge kwa kamba, usivute kujaribu nguvu, mpaka upoe kabisa wenyewe.

Ununuzi sitaki kuuzungumzia sana. Soma maandishi kwenye mpira: uwiano, volti, digrii. Roli isiyo na maandishi, kata sentimita 5, ivalishe kwenye shina laini la keekee lenye unene wa theluthi mbili ya saizi ya mpira, uipashe. Ikipasuka hapo, pasipo ncha wala risasi, na ukingo ulikuwa safi, basi mpira ndio mbaya. Karibu na injini epuka hitishrinki ya PVC, kwani joto la kila siku huifanya kuwa ngumu na kuvunjika. Kazi ya juani, kama nyaya za sola, tumia nyeusi. Za rangi na zile zinazoonyesha ndani huchoka mapema. Na kebo za 11 kV (volti 11,000) si za kujifunzia: zina seti zake maalum na watu walioruhusiwa kuzigusa.

Kwa kiungo kitakachokaa majini, iwe kisimani au ndani ya mtumbwi, chukua yenye gundi ndani, ipite juu ya ganda milimita 25 kila upande, na usiondoe moto mpaka gundi itokeze pete nyembamba pande zote mbili. Nyaya tatu za pampu zisiungwe mahali pamoja. Pishanisha viungo kwa sentimita 5 hivi, usije ukawa na nundu moja kubwa inayotanua mpira wa nje.

Mpira ukishapasuka, tepu haiuponyi. Uchane kwa urefu, ukiushikilia wembe kwa mlazo ili usiguse ganda la waya, uutoe wote, utafute kilichoupasua, kisha uvalishe mwingine. Kama ncha zote mbili za waya zimeshafungwa na huwezi kupitisha bomba jipya, kuna hitishrinki za kufungia ubavuni, zenye reli na ukanda wa chuma wa kuzibana. Ni ghali, na hupatikana zaidi kwa wauzaji wa vifaa vya kebo kubwa. Ukizikosa, kata kiungo, ongeza kipande cha waya, na uunge upya viungo viwili, kila kimoja na mpira wake ukiwa umevalishwa kabla ya kulehemu.