Wakurdi na Kirkuk: niliyoyaona Erbil, na mpaka uliowahi kabla ya Mwingereza

Mleta mada kauliza hivi: Wakurdi waliwahi kuwa na nchi yao wakanyang'anywa, au ni kabila tu linalodai ardhi za wenzao? Mdau mmoja hapo juu kamjibu kwa mstari mmoja kwamba Mwingereza na Mfaransa ndio waliowagawa, kwisha habari. Mimi nimekaa Erbil, mji mkuu wa jimbo la Wakurdi kaskazini ya Iraki, kuanzia mwanzoni mwa 2014 hadi 2018, nikiwa jikoni kwenye hoteli moja, naomba nichangie. Ni ndefu, mwenye haraka apite.

Nianze na kalenda. Kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo palikuwa na kalenda yenye ramani ya Kurdistan. Ile ramani ilikuwa na tamaa: imekula kusini-mashariki ya Uturuki, kaskazini ya Iraki, magharibi ya Iran, kipande cha Syria, halafu ikanyoosha mkia hadi bahari ya Mediterania. Asubuhi moja tukakuta mtu kauzungushia mji wa Kirkuk kwa peni ya bluu na kuandika kwamba huo ni mji wa Waturkmeni, watu wa Iraki wenye lugha ya jamii ya Kituruki. Pale jikoni wapishi wengi walikuwa Wakurdi, kwenye sinki la vyombo alikuwapo Mturkmeni wa Kirkuk, na funguo za stoo alishika Mkristo Mwashuri wa Ankawa, kitongoji cha pale pale Erbil. Hakuna aliyeuliza nani kaandika. Mchana mwingine kajibu kwa peni nyekundu: Kirkuk ni Quds (Yerusalemu) ya Kurdistan. Kesho yake msimamizi akaishusha kalenda, ukabaki msumari. Mwashuri wa stoo akaniambia taratibu, "Na mababu zangu waliojenga Ninawi, wao wamewekwa ukurasa gani?"

Basi ugomvi wenyewe ndio huo. Sasa historia.

Ukimuuliza Mkurdi asili yake atakwambia sisi ni Wamedi, wale wale wa "sheria ya Wamedi na Waajemi" katika kitabu cha Danieli, waliosaidiana na Wababeli kuuangusha Ninawi mwaka 612 kabla ya Kristo. Hata wimbo wao wa taifa unawataja Wamedi. Wanahistoria wengi hawaikubali hadithi hiyo moja kwa moja. Lugha ya Kikurdi ni ya ukoo mmoja na Kiajemi, hilo halina ubishi, ila kuufunga uzi mmoja kutoka Wamedi hadi leo ni kazi ngumu. Kinachoonekana wazi ni kwamba waandishi wa Kiarabu wa karne za mwanzo za Uislamu wanawataja Wakurdi milimani, Zagros na pembezoni mwake, na kufikia karne ya 12 Waseljuki, watawala wa asili ya Kituruki, walikuwa na jimbo lililoitwa Kurdistan. Kwa hiyo jina la ardhi ni la zamani sana. Mtu asikudanganye kwamba lilitungwa juzi na wanasiasa.

Je, palikuwa na dola? Falme ndogo zilikuwapo. Wamarwani walitawala upande wa Diyarbakır, kusini-mashariki ya Uturuki ya leo, karne ya 10 na ya 11. Salahuddin Ayyubi, mzaliwa wa Tikrit, alikuwa Mkurdi kwa ukoo, lakini dola yake ilikuwa Misri na Shamu, wala hakuijenga kwa jina la Wakurdi. Baadaye zikaja himaya za wakuu wa milimani: Botan, Soran, Ardalan, Baban. Hawa Baban ndio walioujenga mji wa Sulaymaniyah mwaka 1784. Kila mkuu na ngome yake, kodi yake na askari wake, na mara nyingi adui wake mkubwa ni Mkurdi mwenzake wa bonde la pili.

Hapa ndipo ninapopingana na mdau wa Mwingereza na Mfaransa. Mwaka 1514 Sultani Selim wa dola ya Kituruki ya Uthmaniya alimpiga Shah Ismail wa Uajemi pale Chaldiran. Msomi mmoja Mkurdi, Idris Bitlisi, ndiye aliyezunguka kwa wakuu wa Kikurdi akiwashawishi wawe upande wa Sultani, nao wakaachiwa watawale mabonde yao na kurithisha watoto wao. Mwaka 1639 Sultani na Shah wakaandikiana mkataba wa Zuhab. Mpaka wa Iran na majirani zake wa magharibi leo kwa sehemu kubwa bado unafuata mstari ule. Hesabu mwenyewe: Mkurdi alishakatwa vipande viwili karibu miaka mia tatu kabla Sykes wa Uingereza na Picot wa Ufaransa hawajakaa na ramani yao ya kugawana nchi hizo 1916. Na wakuu wa Kikurdi walikuwa pande zote mbili za mstari, wakinufaika nao. Dola zote mbili zikawavumilia hadi karne ya 19 zilipotaka kutawala zenyewe. Bedir Khan wa Botan akavunjwa 1847, na wa Ardalan upande wa Iran akafuata miaka ya 1860.

Simaanishi Wazungu hawana dhambi. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, mkataba wa Sèvres wa Agosti 1920, vifungu vya 62 hadi 64, uliahidi Wakurdi mamlaka ya ndani na njia ya kuomba uhuru. Lakini someni na yaliyozunguka ahadi hiyo. Mkataba huo huo uliwapa Waarmenia eneo kubwa jirani, na maeneo hayo yaliingiliana, kwa sababu kabla ya Waarmenia kuuawa kwa wingi 1915, wao na Wakurdi waliishi kijiji kwa kijiji kule Van na Bitlis, mashariki ya Uturuki ya leo. Mwakilishi wa Wakurdi kwenye mkutano wa amani wa Paris, Sharif Pasha, alielewana na Waarmenia na ramani yake ikauacha Van nje. Wakurdi wenzake wakamruka, ukoo wa Bedir Khan ukiwa mbele. Yaani hata siku mlango ulipofunguliwa kidogo, waliosimama mlangoni hawakukubaliana nyumba inaishia wapi. Kisha Mustafa Kemal, kiongozi wa Uturuki mpya, akashinda vita yake, na mkataba wa Lausanne wa Julai 1923 haukutaja Kurdistan hata mara moja.

Jimbo la Mosul, lililokuwa na Kirkuk ndani yake, likabaki kiporo kati ya Uturuki na Mwingereza, aliyeshika Iraki kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa kama alivyoishika Tanganyika yetu baada ya Mjerumani. Tume ikaenda 1925, ikahoji watu, na uamuzi ukawa jimbo liende Iraki. Uturuki ikakubali 1926 kwa kupewa asilimia 10 ya mapato ya mafuta kwa miaka 25. Oktoba 1927 kisima cha Baba Gurgur, nje kidogo ya Kirkuk, kikaruka mafuta siku kadhaa bila kuzuilika. Tangu siku hiyo, ukimsikia mwanasiasa yeyote wa kule anaitaja Kirkuk kwa machozi, kumbuka kisima.

Niweke pumzi kidogo hapa. Wiki yangu ya kwanza kazini nilisikia mtu ananiita nyuma, "Kaka! Kaka!" Nikageuka nikijua nimepata Mtanzania mwenzangu. Kumbe ni fundi umeme, Mkurdi wa Sulaymaniyah, na kwao kaka ni kaka, unamwita hivyo mwanamume kwa heshima. Na chai yao ni chai, inakuja kwenye kigilasi chenye kiuno, sukari nusu kigilasi. Huyo fundi ndiye aliyenifundisha mengi. Kulikuwa na mzee mwingine, Mkurdi wa Diyarbakır, aliyekuwa akipaka rangi. Aliponiuliza kwetu wapi nikasema Tanzania, hakuijua, nikaongeza jirani na Kenya. Akaweka brashi chini. "Nairobi," akasema, basi, akaendelea na ukuta wake. Fundi akaja kunieleza baadaye: Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, chama cha Wakurdi wa Uturuki kilichopigana na serikali yao, alikamatwa Nairobi tarehe 15 Februari 1999, alipotoka nyumbani kwa balozi wa Ugiriki akipelekwa uwanja wa ndege, akakabidhiwa kwa Waturuki. Sisi huku tuliisikia redioni ikapita. Kwao ni kidonda, na jina la kidonda ni mji wetu wa jirani.

Turudi Kirkuk, maana huko ndiko mgogoro wa ardhi ulikolala. Sensa ya 1957 ndiyo kila mtu anaishika mkononi. Kwa mkoa mzima, Wakurdi walikuwa karibu nusu. Kwa mji peke yake, Waturkmeni ndio waliokuwa wengi zaidi, wakifuatiwa na Wakurdi. Kwa hiyo yule wa peni ya bluu na yule wa peni nyekundu wote wana karatasi ya serikali ya kuwatetea, inategemea unasoma mstari wa mji au wa mkoa.

Tarehe 11 Machi 1970 Mustafa Barzani, kiongozi wa Wakurdi wa Iraki, na serikali ya Baath, chama kilichotawala Iraki, walitia saini makubaliano ya mamlaka ya ndani, na ya Kirkuk yangeamuliwa kwa sensa mpya. Sensa haikufanyika, vita ikarudi 1974. Machi 1975 Shah wa Iran, aliyekuwa akiwapa Wakurdi silaha, akapatana na Saddam kule Algiers kuhusu mto wa Shatt al-Arab na kufunga bomba. Ndani ya wiki chache uasi ukafa. Baada ya hapo ikaja kazi ya kubadilisha watu. Wakurdi na Waturkmeni wakahamishwa, Waarabu wakaletwa kutoka kusini kwa ruzuku ya nyumba na fedha, hadi wenyeji wakawabandika jina la Waarabu wa dinari elfu kumi. Mwaka 1976 mkoa ukabadilishwa jina na kumegwa: Chamchamal ikapelekwa Sulaymaniyah, Tuz Khurmatu ikapelekwa mkoa mpya wa Salahuddin. Ya Anfal, kampeni ya serikali ya kuua Wakurdi, na gesi ya Halabja, tarehe 16 Machi 1988, mnayajua.

Katiba ya Iraki ya 2005, kifungu cha 140, ilisema waliofukuzwa warudi, sensa ifanyike, kisha kura ya maoni kabla ya tarehe 31 Desemba 2007. Tarehe ikapita. Juni 2014, jeshi la Iraki lilipokimbia Daesh (kundi la ISIS), Peshmerga, askari wa Kikurdi, wakaingia Kirkuk. Nilikuwapo, na wapishi walicheza dansi la kushikana mikono pale nyuma kwenye mapipa ya taka. Miezi miwili baadaye Daesh wakakaribia Erbil, uani mwa makanisa ya Ankawa wakalala maelfu ya Wakristo waliokimbia, na yule wa stoo akawa analala kazini ili ndugu zake wapate chumba.

Tarehe 25 Septemba 2017 wakapiga kura ya uhuru. Fundi alikuja kazini na kidole cha wino akakiinua kama kombe. Zaidi ya asilimia 92 walisema ndiyo. Tatizo kubwa ni kwamba kura ilipigwa hadi Kirkuk na maeneo mengine yenye mgogoro, na Baghdad, Ankara na Tehran zikakasirika kwa pamoja, jambo ambalo si la kila siku. Tarehe 29 Baghdad ikafunga ndege za kimataifa. Tiketi yangu ya likizo ilikuwa ya Oktoba, viza yangu ilikuwa ya Kurdistan ambayo Baghdad haiitambui, nikakwama hadi Machi 2018. Harusi ya dada yangu niliiona kwenye simu, picha ikikatika kila dakika.

Tarehe 16 Oktoba jeshi la Iraki likairudisha Kirkuk kwa siku moja hivi. Ile siku jikoni hapakuwa na kelele za sufuria. Vyama viwili vikubwa vya Kikurdi, kimoja chenye ngome Erbil na kingine Sulaymaniyah, vikaanza kuitana wasaliti, na ndani ya jikoni nako wa Sulaymaniyah na wa Erbil hawakula meza moja kwa wiki nzima. Mturkmeni wa vyombo aliosha vyombo vyake kimya. Nilimuuliza kama amefurahi. Akasema mama yake yuko Kirkuk, hapokei simu.

Kwa hiyo mleta mada, jibu langu: ardhi yenye jina la Kurdistan iko, na watu wake wako hapo tangu zamani. Dola moja ya Wakurdi wote haijawahi kuwapo. Ile jamhuri ya Mahabad kule Iran ilianza Januari 1946 na haikumaliza mwaka, rais wake Qazi Muhammad akanyongwa Machi 1947. Anayesema walinyang'anywa taifa anaongeza chumvi, na anayesema wanadai ya wenzao hajawahi kuuliza Chamchamal ilihamishwaje.

Ya Wayazidi, jamii yenye dini yake, na mji wao wa Sinjar sijayagusa, yanataka uzi wake. Nikitoka zamu usiku nitajibu maswali.