Hilo swali lako la maji

Mama, binti yangu,

Mesej yako niliisoma Jumanne usiku, nikaisoma tena asubuhi kabla ya kukamua, na sikujibu haraka kwa sababu hiyo si maneno ya kujibu na vidole viwili nikiwa nimesimama kwa stage. Umeniuliza, dadi, nikibatizwa kwa maji huko kwa Wakatoliki ndio tufanye harusi, utaona nimekataa kanisa lenu? Halafu ukaongeza hapo chini ati shangazi ya huyo kijana amesema wewe hujabatizwa kwa hivyo ni mpagani. Hapo nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mpagani, na ulikuwa unakariri Zaburi na miaka mitano, umesimamishwa juu ya kiti ndio watu wakuone.

Wacha nimalizane na huyo shangazi kwanza. Mwambie pole pole, usimjibu vibaya, sisi Friends, wale watu huita Quakers, hatukusahau maji. Tangu George Fox aanze haya mambo huko Uingereza miaka ya 1600 na kitu, Wafrendi wamesema ubatizo ni kazi ya Roho ndani ya mtu, na hata Yohana mwenyewe, soma Mathayo 3, anasema yeye anabatiza kwa maji lakini anayekuja nyuma yake atabatiza kwa Roho Mtakatifu na kwa moto. Meza ya Bwana pia hatuna, hakuna mkate hakuna divai. Wale Wamarekani watatu waliofika Kaimosi 1902 ndio walituletea hiyo imani, wakaja na Biblia na kinu cha kupasua mbao pamoja, na leo hakuna nchi duniani iko na Wafrendi wengi kama Kenya, wengi wao ni hapa hapa kwetu Magharibi. Huyo shangazi akija Chavakali Jumapili atapata wapagani wanaimba mpaka saa saba.

Hilo ni jibu la kanisa. Langu ni lingine na sijawahi kukuambia.

Unajua mama yako alizaliwa Mwanglikana, kanisa la ACK, huko upande wa Maseno, wakati huo ikiitwa CPK. Tulipooana 1988 nilimwambia bibi anafuata bwana, kwisha. Sikumuuliza anaonaje. Akanifuata, akaingia kwa wamama wa USFW, kile chama cha wanawake wa Friends, akafanywa mweka hazina, watu wakanisifu ati nimeoa vizuri. Lakini kila baada ya miezi miwili mitatu anasema anaenda kuona mama yake, anaondoka Jumamosi anarudi Jumapili jioni na omena ya Luanda imefungwa kwa gazeti. Mimi sikuwa na shida, omena nilikuwa nakula.

Sasa Jumapili moja 1996, wewe ukiwa na miaka mitatu, ukashikwa na homa, mwili unachoma kama sufuria imetoka kwa moto, na mama yako hayuko. Nikakufunga na shuka, nikapanda matatu mpaka Majengo, nikapanda ingine mpaka Luanda, ile njia wakati huo haikuwa njia, nikafika kwa nyanya yako jasho inanitoka. Nyanya bila kufikiria ananiambia, ameenda kushiriki. Kushiriki nini? Nikaenda mpaka kanisani nikasimama mlangoni nawe begani, na nikamwona amepiga magoti pale mbele kwa mstari na wengine, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kiganja wazi, vile tunafunza watoto kupokea kitu cha mzee. Ukalia. Akageuka akaniona. Hakusimama. Alingoja mpaka kikombe kikamfikia, akanywa, ndio akaja akakuchukua.

Kwa matatu hakuna mtu aliongea. Ulidungwa sindano, ikawa malaria kweli, ukalala. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba mzima, ya bibi kudanganya bwana, ya nidhamu ya nyumba, na kabla sijaanza akaniambia neno moja tu, "Sikuwa naiba." Ikanimaliza. Kwa sababu sisi Friends hata kortini hatutaki kuapa, tunasema ndio yetu ni ndio, uwongo ndio kitu hatutaki kabisa, na hapo kwangu mtu amenidanganya miaka minane, na ni mimi nilimfunza.

Tangu hapo nampeleka mwenyewe. Yeye anaenda mbele, mimi nabaki nyuma. Wazee wa kanisa letu la Friends waliniita wakaniuliza, nikasema nasindikiza bibi, wakakohoa wakaachana na mimi.

Sasa wewe. Nimeuliza huyu jirani katekista, anasema si lazima ubatizwe ndio muoane, fada anaweza kuwaombea ruhusa kwa askofu, Mkatoliki aoe mtu ambaye hajabatizwa, iko kwa sheria yao. Lakini huyo kijana ataahidi kufanya yote anayoweza watoto wabatizwe na walelewe Katoliki, na wewe utajulishwa hiyo ahadi. Hapo ndipo mnafaa kukaa chini muongee mpaka usiku, badala ya haya maneno ya hema na rangi za nguo ambayo nasikia mmefikisha kikao cha nne. Kama ni karatasi tu ndio harusi iende, chukua ruhusa uachane na maji ya watu. Kama ni kitu umeona huko kwa misa, umekaa hapo na moyo ukatulia, ingia, wala usiniombe ruhusa mimi. Nitaumia? Nitaumia kidogo, nisikudanganye, vile mtu huumia mtoto wake akianza kuota kwa lugha ya kwingine. Babu yako angeumia zaidi, yule hata soda kanisani alikuwa anaona ni divai.

Lakini usifanye kimya kimya, ubatizwe huko halafu Desemba mje mkae kwa viti vyangu kama hakuna kitu. Na huyo kijana siku akianza kukuambia ati kwetu bibi hufuata, nipigie simu hiyo saa, hata kama ni saa nane usiku, nitaongea naye mimi mwenyewe, najua ya kumwambia.

Katekista anasema watu wazima husoma mafundisho kwanza halafu wengi wanabatizwa mkesha wa Pasaka, ile misa ndefu ya usiku. Ikifika hapo nitumie saa na jina la parokia, tutapanda gari ya asubuhi tufike Nakuru mapema. Mama yako amesema atakaa mbele. Mimi usinitafutie kiti, nitakuwa huko nyuma karibu na mlango.

Dadi

Pesa ya mbolea imefika, asante. Ng'ombe amezaa, ni ndama wa kike.