Hunter, Priest au Rogue? Mhusika wa kwanza kwenye World of Warcraft Classic

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeanza kulipia gemu la mtandaoni World of Warcraft Classic mwezi huu baada ya kushawishiwa na marafiki zangu watatu. Wote wako Horde, moja ya pande mbili za gemu: mmoja ni Warrior (askari), wawili ni Mage (wachawi). Wanataka niwe Priest kwa kuwa kundi halina mponyaji, lakini roho yangu iko kwa Rogue, napenda kunyemelea. Nacheza kama saa moja usiku, mara nyingi peke yangu kwa sababu wenzangu wana zamu kazini. Niko Mwanza, natumia intaneti ya simu, na pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, kwenye seva ya Ulaya inacheza kati ya milisekunde 180 na 250. Nianze na klasi (aina ya mhusika) ipi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Anza na Hunter, yule mwindaji wa upinde na mnyama wa kufuga. Najua hukumtaja, na huenda marafiki zako watanuna kidogo, lakini hiyo pingi na hiyo saa moja ya upweke ndizo zilizonifanya nimchague.

Kwanza Rogue, maana ndiye unayemtamani. Kunyemelea anako tangu leveli ya 1, na kweli kunanoga. Tatizo huanza pale panga linapotoka. Mapigo yake huendeshwa na nishati inayojaa pointi 20 kila sekunde 2, na kati ya pigo na pigo hupumzika sekunde 1 tu, wakati klasi nyingine husubiri sekunde 1.5. Ni mchezo wa vidole vyepesi. Halafu baadhi ya mapigo yake makali, kama Backstab, hukubali tu ukiwa nyuma ya adui, na anayeamua kama uko nyuma ni seva, si kioo chako. Kwa pingi ya 200, unachokiona ni mahali adui alipokuwa sehemu ya sekunde iliyopita. Utajiona uko mgongoni kwake kabisa, ubonyeze, gemu likuambie hapana. Na viumbe wengi wenye umbo la watu wakibakiza uhai kidogo hukimbia kuita wenzao. Hapo unamfukuza mtu ambaye kwa seva ameshafika kwingine, na anarudi na wawili. Kwa mtu anayejifunza gemu zima kwa mara ya kwanza, hiyo ni mitihani miwili kwa wakati mmoja. Warrior ana shida hiyohiyo ya kupigana kwa kukaribiana, tena hana kujificha wala kujiponya, na nguvu zake zinategemea sana silaha aliyoshika. Rafiki yako huyo mpeni heshima yake.

Sasa Hunter. Mshale wake wa kawaida, Auto Shot, hujirusha wenyewe ukishauwasha. Kuhesabu muda ni kazi ya seva, kwa hiyo pingi haikuumizi sana. Kanuni moja tu: mshale unapokaribia kutoka, simama kama nusu sekunde, usitembee, la sivyo unachelewa. Mbele yako kuna mnyama anayepigwa badala yako. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya pambano, mhusika wako hubaki amesimama pale kwa muda, na Rogue aliyesimama hivyo ni marehemu. Hunter angalau ana mnyama anayeendelea kung'ata.

Lakini nikuonye: leveli 1 hadi 9 ni kavu. Mnyama hapatikani mpaka ufike 10, ambapo mwalimu wako anakupa kazi za kukamata wanyama watatu mmoja baada ya mwingine, kisha unapewa ruhusa ya kufuga unayemtaka. Kabla ya hapo una upinde, na adui akikufikia unachomoa shoka na kupambana kama mtu wa kawaida. Kuna pia eneo la fedheha: mishale inahitaji umbali wa yadi 8 au zaidi, na silaha ya mkono inafika yadi 5. Katikati hapo huwezi kitu. Watu wengi huiacha klasi hii kwenye leveli ya 7 wakidhani ni mbovu. Vumilia.

Ukifika 10, usihangaike kutafuta mnyama adimu wa kujionyesha. Kamata nguruwe pori. Pale Durotar, mojawapo ya maeneo ya kuanzia ya Horde, wamejaa. Nguruwe hula karibu kila kitu, mkate, nyama, samaki, matunda, uyoga, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mnyama mwenye furaha hupiga kwa asilimia 125 ya nguvu yake ya kawaida. Mwenye njaa na kisirani hushuka hadi asilimia 75. Simba au chui wanachagua, nyama na samaki tu, na wewe mwenye saa moja hutaki kuimaliza ukitafuta kitoweo cha paka. Kwenye leveli ya 12 utajifunza Mend Pet ya kumtibu mnyama akiwa vitani, na kuanzia hapo utashangaa jinsi mambo yanavyolainika. Mishale nayo hununuliwa na huisha, kwa hiyo kagua podo kabla ya kutoka mjini. Ukifika 30 utapata Feign Death, kujifanya umekufa, ambayo imeokoa watu wengi kuliko ngao.

Kuhusu Priest, wenzako hawakudanganyi. Danjoni za gemu hili, yaani ngome na mapango ya kuvamiwa na kundi, ni za watu 5, na mponyaji ndiye anayetafutwa kuliko wote. Ukiwa Priest hutakaa ukikosa kundi. Kuponya pia kunavumilia pingi vizuri, kwa kuwa unaangalia mistari ya uhai ya wenzako na si mgongo wa adui. Tena akiwa peke yake si mnyonge kama wanavyosema, mradi ajue siri ya fimbo ya kurushia, ile inayoitwa wand. Ipo hivi: mana yako (nguvu ya uchawi), inayojazwa na sifa iitwayo Spirit, husimama kwa sekunde 5 kila unapotumia uchawi unaokula mana. Fimbo haili mana. Kwa hiyo unamwekea adui uchawi wa kumuumiza polepole, Shadow Word: Pain, unajikinga kwa Power Word: Shield, kisha unamalizia kwa fimbo huku mana inapanda yenyewe. Muombe rafiki mwenye ufundi wa Enchanting akutengenezee Lesser Magic Wand, inatumika kuanzia leveli ya 5. Ni mwendo wa polepole na usio na mbwembwe, ila unafika.

Kwa hiyo uamuzi uko kwenye ratiba yenu. Kama mnaweza kukaa pamoja walau usiku mmoja kila wiki bila kukosa, kuwa na wahusika wawili: Hunter wa siku zako za upweke, na Priest ambaye humgusi mpaka kundi likutane. Kama ahadi zao ni zile za "tutaonana online", usijitoe kuwa mponyaji wa watu wasiokuwepo.

Jambo la kabila usilipuuze, maana klasi haibadilishwi kamwe ukishaumba mhusika. Kwa Horde, Hunter anaweza kuwa Orc, Troll au Tauren. Priest ni Troll au Undead. Troll ndiye anayekubali zote tatu ulizonazo kichwani, Rogue akiwemo, na huanzia Durotar pamoja na Orc. Ukitaka kubana faida, mnyama wa Orc hupiga asilimia 5 zaidi na Troll ana ustadi wa upinde, lakini kwa mgeni tofauti hiyo haionekani. Kinachoonekana ni pa kuanzia: kama marafiki zako ni Undead, wao wako Tirisfal Glades, bara jingine kabisa, na utalazimika kupanda chombo cha angani kutoka nje ya mji wa Orgrimmar kuwafuata. Waulize kwanza, pamoja na jina kamili la seva yao. Kuna watu wamepanda hadi 15 kwenye seva isiyo ya wenzao.

Na seva za Hardcore, ambako ukifa mhusika ndiyo basi tena, ziache kwa sasa. Kwa intaneti ya simu ni kujitafutia msiba.

Talanta, yaani pointi za kumwimarisha mhusika, zinaanza leveli ya 10, pointi moja kila leveli. Kwa Hunter anayepanda peke yake mimina zote kwenye tawi la mnyama, Beast Mastery, na usisome mijadala. Ukikosea, kufuta mara ya kwanza ni dhahabu 1, ila bei hupanda kila unaporudia mpaka 50.

La mwisho ni adabu ya danjoni, kwa sababu Hunter wana sifa mbaya na si bure. Kabla hamjaingia, zima Growl ya mnyama wako, ile inayowavuta maadui kwake. Hiyo ni kazi ya Warrior wenu. Na mkifika mahali pa kuruka chini, mfukuze mnyama kwanza kwa Dismiss Pet. Usipofanya hivyo, wewe utaruka, yeye atazunguka njia ndefu kupitia vyumba vyote mlivyovikwepa, na atawaletea maadui wote waliomo.