Wastani 192 au 171: shule ipi nimpeleke mtoto?

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Pasua, Manispaa ya Moshi. Mwanangu anaingia darasa la tano mwakani, na karibu nasi kuna shule mbili za serikali. Moja ina wastani wa 192 katika matokeo ya darasa la saba, nyingine 171. Jirani anasema hiyo ya pili ndiyo haina utoro. Nishike lipi? – Mzazi, Pasua

JIBU: Mzazi mwenzetu, wastani huo ni kati ya alama 300, yaani masomo sita yenye alama 50 kila moja. Ya kwanza imeangukia daraja B, ya pili C, na hapo ndipo wazazi wengi hushtuka. Lakini ukigawa kwa masomo sita, wamepishana alama tatu na nusu tu kwa somo.

Ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), fungua kila shule, uangalie idadi ya waliofanya mtihani. Penye watahiniwa 25, watoto watatu tu wanaweza kuusogeza wastani. Penye 120 hauyumbi kirahisi. Soma miaka mitatu mfululizo, na usizichanganye na shule za mchepuo wa Kiingereza.

Kisha fuata kundi lilelile, jambo ambalo wengi hulisahau. Waliofanya darasa la saba 2024 walikuwa darasa la nne 2021, na matokeo ya upimaji wao wa darasa la nne yapo pia. Tuseme walikuwa 90, wakafika 68. Hao 22 wamekwenda wapi? Wapo waliohama na waliorudia darasa, lakini kama wengi wameacha shule, wastani mzuri umejengwa na waliobaki tu.

Mahudhurio huyapati mtandaoni. Mwombe mwalimu mkuu jumla za rejista, bila majina ya watoto. Darasa la watoto 48, siku 20 za masomo, lilitakiwa kuwa na mahudhurio 960. Yakiandikwa 816, ni asilimia 85, maana yake kila siku watoto saba hivi hawapo.

Asilimia hiyo nayo hudanganya. Mtoro wa muda mrefu akifutwa, inapanda bila mtoto yeyote kurudi darasani. Aliyehama akiachwa kwenye orodha, inashuka bure. Kwa hiyo uliza pia idadi ya walioandikishwa Januari na waliopo sasa. Darasa la saba liweke kando, maana mwaka wa mtihani walimu huwafuatilia kwa karibu. Omba la tatu hadi la tano, siku kwa siku: Ijumaa, siku za gulio, wiki za mvua za masika. Pengo likijirudia siku ileile ya wiki, uliza kama kuna chakula cha mchana na kama watoto wanabaki kusaidia biashara nyumbani.

Kwa hizo mbili zako, tofauti ya 21 haitoshi kuamua. Kama ya pili inawafikisha karibu wote kutoka la nne hadi la saba, sisi tungempeleka huko. Ukinyimwa takwimu, nenda kwa Afisa Elimu Kata au uliza kwenye mkutano wa wazazi.